Mkanda Unaonikata Shingo: Nirekebishe Mkanda au Siti?

SWALI: Mimi ni mtumishi wa umma, naishi Ilazo, Dodoma. Nina Mazda Roadster ya 2002, ile ya siti mbili na paa la turubai. Urefu wangu ni sentimita 156. Mkanda unanipita shingoni upande wa kulia hadi unaacha alama nyekundu, na kila nikipita kwenye rasta unazidi kukaza. Usukani haupandi wala haushuki, na siti haina cha kuinulia. Mume wangu ana sentimita 187 na mwili wake umejaa. Akikaa kushoto kwangu mkanda unambana kifuani, halafu unamteleza begani. Mimi nimeweka mto, sijaona tofauti kubwa. Fundi mmoja ameniambia aniwekee klipu ya kuulegeza, mwingine anataka ang'oe mikanda yote aweke ya mashindano, ya pointi nne. Mwezi ujao tunataka kwenda Kondoa na kuendelea hadi Babati. Nimsikilize yupi?

JIBU: Dada yangu, usimsikilize hata mmoja. Wote wawili wanataka kuushughulikia mkanda, na kwa maelezo yako mkanda hauna kosa kubwa. Kilichokosewa ni mahali mwili wako ulipokaa. Gari la milango minne huwa na kitelezi kwenye nguzo ya katikati: unabonyeza, unashusha au unapandisha, mkanda unakaa sawa. Gari lako halina nguzo hiyo. Mkanda wake unatokea nyuma ya bega la siti, mahali pamoja pasipohama, na aliyeuweka pale alimfikiria mtu wa kimo cha kati. Wewe umepungua kwenye kimo hicho, mzee amezidi. Kwa kuwa tundu halihami, itabidi wahame wakaaji, na kinachomhamisha mkaaji ni siti.

Nieleze kwanza tunatafuta nini. Mkanda wa pointi tatu tunaoufunga leo ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na mpaka leo kanuni yake haijabadilika: nguvu kubwa ya mgongano ibebwe na mifupa, isibebwe na nyama laini. Sehemu ya chini ilale juu ya mifupa ya nyonga, chini kabisa ya tumbo, karibu na mapaja. Sehemu ya juu ipite katikati ya mtulinga, ule mfupa unaotoka chini ya shingo hadi begani, ishuke katikati ya kidari, iishie kwenye nyonga ya upande wa pili. Isiguse shingo, na isikae kwenye ncha ya bega. Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, ile ya kwenye vibao vya vijijini, mwili unaosimamishwa ghafla una nguvu sawa na wa mtu aliyeanguka kutoka karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Ukijua hivyo, utaelewa kwa nini sentimita mbili za mkanda kukaa pabaya si suala la starehe tu. Shirika la Afya Duniani linasema kufunga mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa dereva na abiria wa mbele kwa asilimia 45 hadi 50, na mkanda hufanya kazi hiyo vizuri ukiwa umekaa mahali pake.

Basi anza kwa kuutoa huo mto. Najua kila duka la mapambo ya magari linauza, na baadhi vimeshonwa vizuri kweli. Ubaya wake ni kwamba mto laini unakuinua ukiwa umesimama tu. Gari likigonga, sponji inabonyea, mto unateleza mbele, nyonga zinatangulia, na ile sehemu ya chini ya mkanda inapanda kutoka kwenye mfupa hadi tumboni. Hapo ndipo watu hupasuka ini na utumbo wakati mkanda wameufunga.

Baada ya hapo, egesha gari mahali tambarare na ukae upya. Sukuma makalio hadi yaguse kabisa sehemu ya nyuma ya siti. Wengi huacha nafasi hapo bila kujijua. Inua mgamio, yaani sehemu ya kuegemea mgongo, hadi mabega yako yote mawili yaguse siti huku mikono ikiufikia usukani bila kunyooka. Funga mkanda, kisha uvute ule wa mapajani ulale bapa na chini, halafu uvute ule wa kifuani kwenda juu ili ulegevu wa chini uishe. Utaratibu huo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Wengi huchomeka, wakasikia ule mlio wa 'ka', wakaondoka, na sehemu ya mapajani imebaki imelegea juu ya kitovu. Ukishamaliza, mwombe mtu akupige picha mbili kwa simu, moja kutoka mbele na moja kutoka ubavuni. Kwenye kioo utajipinda kujitazama na kila kitu kitahama.

Nina hakika kama nane kwa kumi kwamba picha ya mbele itaonyesha umeegemea kulia kidogo. Sababu ni sponji. Gari la 2002 limeshakaliwa miaka zaidi ya 20, na siti za magari haya ziko chini sana, kwa hiyo kila anayeingia hukanyaga kwa makalio ule ukingo wa upande wa mlango kabla ya kutumbukia ndani. Kwa gari la usukani wa kulia, ukingo huo ni wa kulia. Sponji ya upande huo hupondeka, huwa unga kabisa, wakati ya kushoto bado inasimama. Matokeo yake nyonga inalala kulia, kiwiliwili kinafuata, na shingo inajisogeza yenyewe kwenye mkanda unaotokea juu ya bega la kulia. Mkanda haujahama hata kidogo, ni wewe uliyeufuata. Na hapohapo kimo chako cha kukaa kimepungua, maana sponji nzima imeshuka.

Kwa hiyo mtafute fundi wa siti, wale wanaoshona kava na kutengeneza siti za mabasi. Huyo ndiye mtu wako, si fundi wa injini. Mwambie afungue kava la kukalia, akate zile pete za waya zinazolishikilia, akuonyeshe sponji kwa macho yako. Ukiibonyeza kwa kidole gumba ikabaki na shimo, au ikamwaga unga wa njano, imekwisha. Asikuwekee sponji ya godoro juu yake. Sponji ya godoro ni laini, utaikalia wiki mbili ukarudi pale pale. Unataka ile nzito ya kuchongwa, inayotumika kwenye sofa za kazi na siti za mabasi, ambayo ukiikandamiza kwa kiganja inakupinga.

Kiasi gani? Hapa kuna njia rahisi kwa mtu wa ofisini. Rimu moja ya karatasi za A4 ina unene wa karibu sentimita 5. Gari likiwa limeegeshwa, injini imezimwa, gawa rimu katikati, weka nusu mbili hizo sambamba juu ya siti, ukalie, ufunge mkanda. Umepanda sentimita mbili na nusu. Angalia mkanda umesogea wapi kwenye mtulinga. Punguza au ongeza karatasi mpaka uone unapita katikati ya bega, halafu pima unene kwa rula ya shule. Fundi aongeze kidogo juu ya kipimo hicho kwa sababu sponji mpya nayo hubonyea ikikaliwa. Kwa kimo chako sidhani utahitaji zaidi ya sentimita tatu. Karatasi ni za kupimia tu, tafadhali usiendeshe nazo.

Kuna jambo moja ambalo lazima umsimamie fundi. Sponji ya kukalia imechongwa kwa mteremko: mbele juu, nyuma chini. Mteremko huo ndio unaozuia nyonga kuteleza chini ya mkanda gari linaposimama ghafla. Fundi asiyejua atajaza nyuma peke yake ili akuinue, na siti itakuwa bapa. Unene uongezwe sawasawa mbele na nyuma, na ukingo wa kulia urudishiwe umbo lake. Asikate waya wala chuma chochote kilichomo ndani. Na kama siku moja utapeleka gari jingine kwa kazi hii, uliza kwanza kama lina mfuko wa hewa ubavuni mwa siti. Lenye mfuko huo halivishwi kava la kawaida, maana mshono wake ndio mlango wa mfuko kutokea.

Ukishapanda, pima umbali kutoka kidari chako hadi katikati ya usukani. Usipungue sentimita 25, kwa sababu mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani hulipuka kwa kasi ya kutisha na unahitaji nafasi ya kufunguka kabla hujaufikia. Watu wafupi hujisogeza mbele wafikie klachi, wakabaki wamebanana na usukani. Upime huku umekanyaga klachi hadi mwisho, goti likiwa limekunjika kidogo. Ukikosa sentimita moja au mbili, viatu vya soli nene kidogo na kisigino kifupi vitakusaidia zaidi ya vipande vya mbao ambavyo nimewahi kuona vimefungwa kwenye pedali kwa waya. Vipande hivyo vikilegea vikaingia chini ya breki, mkanda hautakuwa tatizo lako kubwa tena.

Kisha tazama bega la siti yenyewe, upande wa mlango. Siti nyingi za magari ya namna hii huwa na kishikizo cha plastiki au kitanzi cha ngozi chenye kibonyezo, kinachouongoza mkanda upite karibu na bega. Mara nyingi kimevunjika, au aliyeshona kava amekitupa kwa kudhani ni pambo. Kama siti yako inaonyesha tundu za skrubu mahali hapo na kishikizo hakipo, kitafute cha modeli hiyohiyo. Hiki ni kitu cha kiwandani na hakilegezi mkanda, kinauelekeza tu. Mkanda uteleze ndani yake bila kukwama.

Sasa hayo ya rasta. Ndani ya roli inayoukunja mkanda kuna kigololi cha chuma au kipande kinachoning'inia. Gari likifunga breki kwa nguvu, likiinama au likitikiswa, kitu hicho kinahama na kusukuma kidole kinachofunga meno ya roli. Ikishafunga, mkanda hautoki, ila bado unaweza kuingia. Gari lako lina springi ngumu na liko chini, kwa hiyo kila mstari wa rasta unakurusha, unashuka kwenye sponji iliyolegea, roli inakula sentimita moja ya mkanda na hairudishi. Mstari unaofuata, tena. Kutoka Nzuguni hadi Mji wa Serikali kule Mtumba unafika umefungwa kama mzigo. Hiyo ndiyo kazi ya roli na wala si ubovu. Ukitengeneza sponji, kurushwa kutapungua. Kwa sasa, ukishavuka rasta, jisogeze mbele taratibu kisha urudi nyuma, utaachia. Vilevile ukiegesha kwenye mteremko, tuseme kule milimani UDOM, mkanda ukakataa kabisa kutoka, usiuvute kwa hasira. Kigololi kimeinama pamoja na gari. Uachie urudi wote ndani, uvute polepole, na ikishindikana sogeza gari hadi tambarare.

Roli ikikataa kutoa mkanda hata kwenye tambarare, hapo kuna jambo. Uliza kama kuna fundi aliyewahi kuifungua na kuirudisha. Ikifungwa imeinama nyuzi chache tu, kigololi kinadhani gari liko mteremkoni saa zote.

Na kuna vumbi letu. Gari la turubai Dodoma, hasa kuanzia Julai hadi mvua zinapoanza, linameza vumbi jekundu hata ukilifunga. Vumbi linachanganyika na jasho la shingo, linakuwa utando mweusi unaong'aa ndani ya ile pete mkanda unapopita. Pitisha ukucha pale, utauona. Utando huo unafanya mkanda urudi kivivu, halafu wewe unauvuta kwa nguvu, unakwaruza shingo. Vuta mkanda wote nje mpaka mwisho, ubane juu kwa vibanio viwili vya nguo usirudi ndani. Futa pete kwa kitambaa chenye spiriti kidogo hadi kitambaa kitoke cheupe. Mkanda wenyewe uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji isiyo kali, kwa sponji, kwa kufuata urefu wake. Uache ukauke kabisa kabla ya kutoa vibanio. Kwa jua letu ni saa moja au mbili, lakini uwe kivulini. Usitumie jiki, petroli wala rangi ya nguo, maana zinadhoofisha nyuzi. Na usipulizie oili kwenye roli hata ukiahidiwa kwamba italainika. Itakamata vumbi maradufu.

Ukingo wa mkanda wa zamani wenyewe pia hukata. Upitishe kati ya vidole viwili. Ukisikia ukakasi, manyoya yaliyosimama, au mkanda umekuwa mkavu na mgumu kwa jua kupigia pale pale miaka yote, huo umekwisha na unabadilishwa wote pamoja na roli yake. Kama mkanda ni mzima na ngozi yako tu ndiyo laini, kava jembamba la kitambaa kwenye sehemu ya bega halina ubaya, mradi liteleze na lisiupandishe mkanda juu ya bega. Yale manene ya manyoya yaache. Yanaongeza nafasi kati yako na mkanda, na nafasi hiyo mwili utaijaza kwa kasi siku ya ajali.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya klipu ya fundi wako wa kwanza. Klipu inaubana mkanda karibu na bega ili roli isiuvute. Kwa maneno mengine inatengeneza ulegevu wa makusudi. Sentimita tano za ulegevu ni sentimita tano ambazo mwili wako utakwenda mbele bila kushikwa na chochote, na wewe mfupi uko karibu na usukani kuliko watu wengine. Ipo aina nyingine inayounganisha mkanda wa kifuani na wa mapajani ili ule wa juu ushuke. Hiyo nayo inavuta wa chini kupanda tumboni. Zote mbili zinauzwa rahisi na zinaonekana zinafanya kazi, kwa sababu kinachopimwa siku zote ni starehe ya kuendesha, hakuna anayezipima kwa kugonga.

Mikanda ya pointi nne ni hadithi ndefu zaidi, na nakiri inapendeza kwenye picha. Kwenye mashindano dereva hukaa kwenye siti ya ganda gumu, ana mkanda wa tano au wa sita unaopita katikati ya miguu, ana kofia ngumu, na nyuma yake kuna fremu ya chuma. Ondoa vitu hivyo ubaki na mikanda minne peke yake: ile miwili ya mabegani inavuta ule wa mapajani kwenda juu, na hakuna wa chini wa kuuzuia. Nyonga zinateleza chini. Pia utaifunga wapi? Mafundi wengi huifunga sakafuni nyuma ya siti, kwa hiyo gari likigonga inavuta mabega kwenda chini, na uti wa mgongo ndio unaobanwa. Halafu gari lako ni la turubai. Likipinduka, mtu aliyefungwa pointi nne hawezi hata kuinamisha kiwiliwili. Anabaki amesimama wima, kichwa kikiwa kitu kirefu kuliko vyote. Zaidi ya hapo, mikanda hiyo haina roli. Ukiikaza hufikii hata breki ya mkono vizuri, na sijaona mtu anayeivaa kwa usahihi akiwa anakwenda sokoni Majengo. Baada ya mwezi huiacha imelegea, na uliyokuwa nayo ya kiwandani umeshaing'oa.

Kung'oa kwenyewe kuna hatari yake. Magari mengi ya miaka hiyo yana kikazaji, chombo chenye baruti kidogo kinachoukaza mkanda mara gari linapogonga. Fundi anayekifungua bila kuchomoa betri na kusubiri anaweza kukilipua mkononi. Roli nayo ina springi iliyojikunja. Haifunguliwi ili 'ipunguzwe nguvu'. Ukiona taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi inabaki inawaka, au haiwaki kabisa unapofungua swichi, huenda mfumo huo umeshachezewa. Kaguza kabla ya kitu kingine chochote.

Tuje kwa mzee. Yeye ana shida iliyo kinyume na yako. Bega lake liko juu ya tundu la mkanda, kwa hiyo mkanda unapanda kutoka nyuma, unalikanyaga bega kwenda chini, na akilaza siti unateleza hadi kwenye mkono. Watu warefu hulaza siti ili kichwa kisiguse turubai, na hapo mkanda unaachana na kifua kabisa. Yeye fundi wa siti ampunguzie sponji, huku akilinda mteremko uleule niliousema. Wenye magari haya huko Japani na Marekani hufanya hivyo miaka yote, na sentimita mbili zinatosha kumwezesha kuinua mgamio. Hata hivyo asichonge mpaka akaguse vyuma. Kishikizo cha bega la siti kwake ni muhimu maradufu.

Kubanwa kifuani huenda ni koti. Naona watumishi wengi wanaendesha na suti nzima imefungwa vifungo. Koti livuliwe, au lifunguliwe na mkanda upite chini yake juu ya shati. Wewe pia, kama unavaa dera au mtandio mpana, utandaze usijikunje chini ya mkanda, na pini ya mtandio isikae pale mkanda unapopita. Kile kitambulisho cha kazi kinachoning'inia shingoni kivue ukiingia garini. Nimeona alama ya mstatili kifuani kwa mtu aliyefunga breki kali tu, bila kugonga. Kalamu ya mfukoni ni hivyohivyo.

Kama urefu wa mkanda hautoshi kumzunguka mzee, usinunue kirefushi cha dukani. Vingi vinahamisha kifungio kutoka ubavuni mwa nyonga hadi juu ya tumbo, na chuma hicho ndicho kitakachompiga. Kwanza hakikisha mkanda unatoka wote. Vumbi kwenye roli huwa linauzuia kabla ya mwisho wake. Pia akikamate kifungio pale kilipozama kati ya siti na ngome ya gia, akiinue kabla ya kuchomeka. Katika gari nyembamba nusu ya ugomvi wa mtu mnene na mkanda ni kukitafuta kifungio gizani.

Ikibidi kununua mkanda mwingine, spea za Kariakoo na Ilala zimejaa mikanda, nyingi ikiwa imetoka kwenye magari yaliyokatwa. Usichukue kwa kufanana rangi. Uvute wote, utazame sehemu iliyokuwa ikipita kwenye pete na kwenye ulimi: ukiona pamekunjamana, pameng'aa kama palipoyeyuka, au roli imekwama isitoe wala kuingiza, mkanda huo umeshabeba mtu kwenye ajali, na kazi yake ilikuwa hiyo moja. Lebo iliyoshonwa chini ilingane na modeli ya gari lako. Usimpe fundi cherehani aunge, hata awe hodari vipi. Na boliti ya mkanda isibadilishwe na yoyote iliyokutwa kwenye kopo. Katika magari mengi, ya Kijapani yakiwemo, uzi wake ni wa inchi 7/16, nyuzi 20 kwa inchi, na chuma chake ni kigumu. Boliti ya milimita 12 ikilazimishwa hapo inakula uzi wa bodi, inaonekana imekaza, na huwezi kujua mpaka siku ya siku.

Kuhusu safari: Dodoma hadi Babati ni kilomita zipatazo 250, lami, na vijiji vingi vyenye matuta na rasta kati yake. Baada ya Kondoa, kule Kolo na Bereko, kuna vilima na kona ambazo gari lako litazifurahia. Kazi ya sponji ni ya siku moja au mbili kwa fundi mmoja, kwa hiyo muda mnao. Afanye ya kwako kwanza, uendeshe nayo wiki moja kwenda kazini, kisha ya mzee. Ikifika siku ya safari na siti ya mzee bado, nendeni na gari jingine, maana mkanda unaomtoka begani katika mwendo wa saa tatu au nne hauwezi kuhesabiwa kwamba umefungwa. Usibadilishane naye siti kwa kudhani itasaidia. Tundu la upande wa pili liko kwa kimo hichohicho.

Ukishatoka kwa fundi, piga zile picha mbili tena, umevaa nguo za kawaida na klachi ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Kama mkanda bado unagusa shingo, nitumie pamoja na kipimo cha kutoka kwenye kiti cha kukalia hadi juu ya bega lako, na kingine hadi kwenye tundu la mkanda. Kwa tofauti ya namba hizo mbili nitakuambia kama kinachobaki ni sponji au kishikizo.